Faksi ya ofisi ya huduma za wagonjwa: laini ya shaba, laini ya intaneti au huduma ya mtandaoni?

Ijumaa saa kumi na moja jioni ndiyo saa ngumu kuliko zote ofisini kwetu. Hospitali imemruhusu mgonjwa, daktari amebadilisha dozi ya insulini, famasi inafunga saa moja, na wahudumu wa nyumba anakorudi mgonjwa hawawezi kumchoma hata uniti moja ya dozi mpya mpaka waione karatasi yenye sahihi ya daktari. Karatasi hiyo, hapa Minnesota kama ilivyo sehemu kubwa ya Marekani, inakuja kwa faksi.

Nikiwaeleza ndugu walioko Dar es Salaam au Nairobi huwa hawaamini. Kwao nukushi ni neno lililobaki kwenye vichwa vya barua za serikali, limebanwa kati ya simu na barua pepe, na mashine yenyewe imefunikwa kitambaa siku nyingi. Huku hospitali, famasi, mawakili na idara za ustawi wa jamii bado wanatumiana faksi kila siku, na wapo wasiopokea kwa njia nyingine yoyote. Wenzetu wengi wa Afrika Mashariki wamefungua ofisi za huduma za majumbani na nyumba za watu wazima wenye ulemavu, na swali la faksi huwakuta wiki ya kwanza: nifunge laini ya simu ya kawaida, ile ya waya wa shaba, nitumie laini ya intaneti niliyo nayo, au nilipie huduma ya mtandaoni niachane na mashine?

Nimefanya kazi na zote tatu. Nilichojifunza ni kwamba ofisi nyingi hutoa pesa kulinda waya, ilhali siri ya mgonjwa huvuja kwenye namba iliyokosewa na kwenye trei isiyo na mwenyewe. Ulinganisho huu nimeupanga kwa kufuata hilo.

Hodi isiyouliza "nani?"

Ukisikiliza mashine mbili za faksi zikianza kazi utasikia hodi na karibu. Inayopiga hutoa mlio mfupi wa hezi 1,100 unaojirudia. Inayopokea hujibu kwa mlio wa hezi 2,100. Kisha hushuka kwenye kasi ndogo ya biti 300 kwa sekunde na kuelezana uwezo wao: karatasi ya ukubwa gani, mistari mingapi, kasi gani. Hupima laini kwa sekunde chache, na hapo ndipo ukurasa unapita, kwa kasi inayofika biti 14,400 kwa sekunde kwa mashine za kawaida na 33,600 kwa zile zinazoandikwa Super G3. Ukurasa ukipokelewa, mashine ya upande wa pili inarudisha ishara ya kukubali, na yako inachapisha OK. Utaratibu huu, uitwao Group 3, ulipitishwa kimataifa mwaka 1980, na ndiyo maana mashine iliyonunuliwa mwaka huu inaelewana na ya miaka thelathini iliyopita.

Kwetu mtu akibisha hodi usiku unauliza "nani?" kabla ya kugusa komeo. Mashine za faksi hazihakikishi jibu la swali hilo. Kila moja hutaja namba yake, lakini namba hiyo iliandikwa na mwenye mashine mwenyewe siku ya kuifunga, na nyingine haina njia ya kujua kama ni ya kweli. Tena ukurasa unapopita unabanwa tu ili uwe mwepesi, haufichwi. Namna ya kuubana na kuubanua imechapishwa wazi kwa kila mtengenezaji. Mtu akinasa sauti ile kwenye waya, anaweza kuirudisha iwe karatasi.

Kwa hiyo OK kwenye ripoti ina maana moja: kuna mashine imepokea kurasa zote. Mashine ya nani, ripoti haisemi.

Hili nililijua kwa uchungu. Mwaka wangu wa pili kazini nilituma orodha ya dawa za mzee mmoja kwa famasi aliyokuwa akitumia miaka yote. Nilibonyeza kitufe cha namba iliyohifadhiwa, ripoti ikatoka OK, nikaifungia kwenye faili. Kesho yake asubuhi akapiga simu mwenye duka la vigae: famasi ilikuwa imehama, namba yake ya faksi ikapewa mtu mwingine, na majina, tarehe ya kuzaliwa na maradhi ya mzee wetu yalikuwa mezani pake. Alikuwa mtu mwema, akatupa nafasi ya kwenda kuzichukua. Bado ilinibidi niketi na yule mzee na binti yake kuwaeleza nilichofanya. Sijasahau jinsi mzee alivyouliza, kwa upole kabisa, kama karatasi zilitaja ugonjwa wake.

Laini ilikuwa ya shaba, safi, haikuguswa na mtu. Kanuni nilizozifuata tangu siku ile nitazieleza mbele, maana hazitegemei njia utakayochagua.

Njiani: nani anaweza kuuona ukurasa

Laini ya shaba ina sifa moja ambayo watu huizidisha na moja ambayo huisahau. Inayozidishwa ni usalama wa waya. Ni kweli kwamba kunasa kunahitaji mtu afike kwenye waya wenyewe, kwenye kisanduku cha jengo au kwenye kituo cha simu, na mwizi wa kawaida hana sababu ya kupata taabu hiyo kwa ajili ya karatasi zako. Lakini huo ni ulinzi wa umbali tu. Ukifika kwenye waya hakuna kufuli. Mwaka 2020 mahakama ya rufaa ya utawala ya Lüneburg, Ujerumani, iliamua kwamba ofisi ya umma ilikosea ilipotuma taarifa nyeti za mtu kwa faksi isiyosimbwa, yaani isiyogeuzwa kuwa fumbo linalofunguliwa na mwenye ufunguo tu. Mwaka uliofuata kamishna wa ulinzi wa data wa jimbo la Bremen akasema faksi sasa ina usalama sawa na barua pepe isiyosimbwa, ambayo watu huifananisha na kadi ya posta isiyo na bahasha. Sababu aliyotoa ni kwamba siku hizi hujui tena kama mwenzako anapokelea kwenye shaba: simu zimehamia kwenye intaneti, na faksi nyingi huishia kwenye kompyuta inayozigeuza kuwa barua pepe.

Sifa inayosahaulika iko kwenye sheria. Chini ya HIPAA, sheria ya Marekani ya mwaka 1996 inayolinda taarifa za wagonjwa, karatasi inayotoka mkononi, ikapita kwenye mashine ya faksi ya kawaida na kuibuka karatasi upande wa pili haihesabiwi kuwa mawasiliano ya kielektroniki. Wajibu wa kutunza siri unabaki palepale, lakini yale masharti marefu ya usalama wa kompyuta hayaihusu safari hiyo. Na kampuni ya simu, kwa kuwa inapitisha tu bila kuhifadhi, huhitaji kuwekeana nayo mkataba wa kutunza taarifa. Kwa ofisi ya watu watatu hiyo ni nafuu ya kweli. Siku hati inapotoka kwenye kompyuta moja kwa moja, au inapopitia huduma ya mtandaoni, nafuu hiyo imekwisha.

Laini ya intaneti, ile ambayo fundi huchomeka mashine yako kwenye kisanduku kidogo nyuma ya ruta, inabeba faksi kwa namna mbili. Ama kisanduku kinaigeuza milio ile kuwa sauti ya kidijitali kama mazungumzo mengine ya simu, ama kinatumia T.38, kanuni ya mwaka 1998 iliyotungwa mahsusi kupitisha faksi kwenye intaneti. Zote mbili, zikifungwa kwa kawaida, husafiri bila kusimbwa. Muuzaji akikuambia laini yake ni salama, mwulize neno moja: usimbaji unaanzia wapi na unaishia wapi? Wapo wanaouza adapta inayopokea ukurasa kutoka kwenye mashine yako na kuupeleka kwenye kituo chao kwa njia iliyosimbwa, ileile inayolinda tovuti za benki. Hiyo ninaisifu. Ukikuta muuzaji anazungukazunguka bila jibu, mwache.

Huduma ya mtandaoni inasimba ukurasa kutoka kwenye kompyuta yako hadi kwenye seva zake, na nyingi zinausimba pia unapohifadhiwa. Sehemu wasiyoitangaza ni ya mwisho: kama mpokeaji ana mashine ya kawaida, kutoka kwenye seva hadi kwake ukurasa unapita kwenye laini ya simu kama faksi nyingine yoyote. Usimbaji umekulinda nusu ya safari. Ukiwa wewe ndiye mpokeaji, mambo ni hayohayo kwa kinyume.

Ipo pia njia ya nne, mashine zinazosimba zenyewe kwa zenyewe. Serikali ya Marekani ilichomeka faksi kwenye simu za siri za STU-III tangu miaka ya 1980, na mwaka 1997 shirika la kimataifa la mawasiliano lilitoa kanuni ya usimbaji kwa mashine za Group 3, T.36. Ni ulinzi kamili kutoka trei hadi trei, lakini unataka pande zote mbili ziwe na kifaa kinachoelewana na funguo zilizokubaliwa. Famasi ya mtaani haitakinunua kwa ajili yako. Kama una matawi mawili yanayotumiana karatasi nyeti kila siku inawezekana, ingawa kwa matawi yako mwenyewe ningefikiria folda iliyosimbwa kabla ya kufikiria faksi.

Dozi iliyopigwa mstari

Hapa ndipo laini ya intaneti inaponitia wasiwasi kuliko kwenye suala la wasikilizaji.

Sauti ya mtu ikikatika kidogo kwenye intaneti, sikio linaziba pengo. Faksi haina sikio la namna hiyo. Vipande vichache vikipotea, au kampuni ikibana sauti kwa kanuni ya G.729 ili kuokoa nafasi, milio inaharibika na mashine zinakata simu ukurasa wa tatu kati ya saba. Fundi atakuja, naye ana dawa mbili anazozijua: punguza kasi hadi 9,600, na zima ECM, yaani ule utaratibu wa kusahihisha makosa ambao mashine hutumia kuomba kipande kilichoharibika kitumwe upya.

Kasi mruhusu aipunguze. Ukurasa utachukua muda mrefu kidogo, hakuna atakayeumia. ECM usimruhusu aizime. Ikizimwa, faksi zako zitaanza kupita vizuri kwa sababu mashine imeacha kulalamika, na vipande vilivyopotea vitatokea kwenye karatasi kama mistari myeupe au myeusi. Mstari mmoja ukipita juu ya nukta, 2.5 inasomeka 25. Mstari ukimeza herufi, "mara moja kwa siku" inageuka kitu kingine. Kwenye ankara ya samani utapiga simu kuuliza. Kwenye karatasi ya insulini, mhudumu wa zamu ya usiku aliyechoka anaweza kusoma alichokiona. Kama laini haiwezi kupitisha faksi huku ECM imewashwa, basi laini hiyo haifai kwa dawa, tafuta nyingine.

Kwa sababu hiyohiyo weka mashine kwenye ubora wa juu kila unapotuma agizo la daktari. Ubora wa kawaida una mistari 98 kwa inchi kutoka juu kwenda chini. Ule wa juu una 196. Tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama 3 na 8 zitatofautishika kwenye mwandiko wa daktari mwenye haraka.

Laini ya shaba inashinda wazi katika hili. Lakini kampuni za simu zinaziondoa, na pale zilipobaki bei imekuwa ikipanda. Uingereza imepanga kuzima mtandao wake wa simu wa zamani Januari 2027. Ukifunga laini ya shaba leo, fahamu kwamba siku moja utapokea barua ya kuambiwa ihame, na pengine hutaambiwa vizuri: nimeona ofisi iliyoamini iko kwenye shaba kumbe kampuni ilishabadilisha kisanduku ukutani. Njia rahisi ya kujua ni kufuata waya wa mashine yako kwa mkono. Ukiingia kwenye kitu chenye taa na kebo ya umeme, hiyo ni intaneti.

Na wanaosema shaba hufanya kazi umeme ukikatika, wanaisema simu ya mezani, ambayo hupata umeme wake kutoka kituo cha simu. Mashine ya faksi imechomekwa ukutani. Umeme ukienda, inazimika, na nyingi zile ndogo hupoteza kurasa zilizokuwa kwenye kumbukumbu. Huduma ya mtandaoni ndiyo inayosimama vizuri siku za theluji kubwa: faksi inaingia kwenye seva iliyoko mbali, nawe unaisoma ukiwa nyumbani.

Trei

Fika ofisi yoyote ndogo saa mbili asubuhi uangalie trei ya mashine ya faksi. Karatasi za usiku mzima zimelala pale, uso juu. Msafishaji amepita, fundi wa kiyoyozi amepita, mteja aliyekuja mapema amekaa kiti cha pembeni. Ofisi yetu ya kwanza mashine ilikuwa kwenye kaunta ya mapokezi kwa sababu ndiko kulikokuwa na tundu la simu.

Mashine za kawaida zina dawa ya hili, na watu wengi wanayo bila kujua. Tafuta kwenye menyu jina kama kupokea kwenye kumbukumbu au kufunga faksi. Ukiiwasha, faksi zinabaki ndani ya mashine mpaka mtu aandike namba ya siri. Unaweza kuipangia ifanye hivyo usiku na wikendi tu. Mashine kubwa za ofisi zina visanduku vya siri, kila idara na chake, na mtumaji anayejua namba ya kisanduku anaielekeza faksi hukohuko. Kama utanunua mashine kwa ajili ya laini ya shaba au ya intaneti, hiki ndicho kigezo changu cha kwanza, mbele ya kasi na bei ya tona.

Huduma ya mtandaoni haina trei, na hapo ndipo ilipovutia ofisi yetu. Lakini inaweza kuwa na kitu kibaya zaidi ya trei. Ukiifungua kwa mara ya kwanza, nyingi hukuuliza faksi zipelekwe barua pepe ipi, na zinaambatanisha hati nzima kwenye barua hiyo. Bosi anaweka barua pepe yake binafsi, inayofunguka kwenye simu ambayo watoto huchezea. Sasa faksi ya mgonjwa ina nakala kwenye seva ya huduma, kwenye seva ya barua pepe, kwenye simu na kwenye tableti. Ipange ikutumie taarifa tu kwamba kuna faksi, na hati isomwe baada ya kuingia kwa nenosiri na uthibitisho wa pili. Kila mfanyakazi awe na akaunti yake. Akiacha kazi Jumanne, akaunti ifungwe Jumanne.

Usijiunge na huduma yoyote bila mkataba ambao watu wa kazi hii huuita BAA, unaoifunga kampuni kutunza taarifa za wagonjwa kama wewe. Kwa kuwa kampuni inahifadhi hati zako, si mpitishaji kama kampuni ya simu, na sheria inakudai mkataba huo. Huduma za bure hazikupi. Mara nyingi hata kiwango cha chini cha huduma ya kulipia hakina, kipo kile cha juu. Uliza kabla ya kulinganisha bei, maana bei inayotangazwa huenda siyo utakayolipa.

Jambo moja kuhusu mashine zinazofanya kila kitu, zile za kuchapa, kunakili na faksi kwa pamoja. Agosti 2018 watafiti wa Check Point, kampuni ya usalama wa kompyuta, walionyesha kwamba wanaweza kuiteka mashine ya HP Officejet kwa kuitumia faksi iliyotengenezwa kwa hila, wakiwa hawana kitu kingine ila namba yake ya faksi, na kutoka hapo kuingia kwenye mtandao wa ofisi. HP ilitoa marekebisho. Funzo la kiutendaji ni dogo: sasisha programu ya mashine, na kama huna haja ya kuchapa kutoka kwenye kompyuta kupitia mashine hiyo, usiiunganishe na mtandao wa ofisi kabisa. Faksi pweke iliyochomekwa kwenye tundu la simu tu haina mahali pa kumpeleka mvamizi.

Namba

Mwaka 2017 hospitali ya St. Luke's-Roosevelt ya New York ilikubali kulipa dola 387,200 baada ya taarifa za mgonjwa, zikiwemo za hali yake ya VVU, kutumwa kwa faksi kwa mwajiri wake badala ya sanduku la posta alilotaka. Hakuna aliyenasa waya. Fikiria mtu huyo alivyoingia kazini kesho yake.

Kwa hiyo, njia yoyote utakayochagua, fanya haya kama unavyonawa mikono. Namba mpya ibonyezwe mara mbili. Mashine nyingi zina mpangilio wa kulazimisha hivyo, na huduma nyingi za mtandaoni zinakuruhusu kufunga kitabu cha anwani ili mtu mmoja tu aibadilishe. Namba zote zilizohifadhiwa zipigiwe kuhakikiwa, sisi hufanya mara mbili kwa mwaka, na baada ya duka la vigae hatujawahi kuruka. Namba mpya ianze na ukurasa mmoja wa majaribio usio na jina la mtu, kisha piga simu uulize kama umefika. Hati nyeti sana, piga simu kabla ili mtu asimame kwenye mashine. Ukurasa wa jalada uwe na jina la mpokeaji, idadi ya kurasa na namba ya kupiga ikifika mahali pasipo pake, lakini jina la mgonjwa na ugonjwa wake visiwepo hapo, kwa sababu jalada ndilo linaloonekana kwanza.

Hapa huduma ya mtandaoni ina faida ninayoithamini: inaandika nani alituma nini, kwenda wapi, saa ngapi. Likitokea kosa, unalijua ndani ya dakika kumi. Kwenye mashine unategemea ripoti za karatasi ambazo mtu anaweza kuzitupa. Sheria inataka mgonjwa aarifiwe bila kuchelewa na kwa vyovyote ndani ya siku 60, na kuarifu kunaanza na kujua.

Ningechagua nini

Ofisi ya watu wawili au watatu, faksi kumi kwa wiki, laini ya shaba ipo na bei haijakushinda: baki nayo. Nunua mashine ya leza inayofunga faksi kwa namba ya siri, iweke chumba chenye mlango, usiiunganishe na mtandao. Ni njia yenye vitu vichache vya kuharibika na vichache vya kusahau.

Ofisi yenye wahudumu wanaozunguka, zamu za usiku, maagizo yanayoingia saa zote: huduma ya mtandaoni yenye BAA, barua pepe ikibeba taarifa bila hati. Huko ndiko tulikoishia sisi. Ile Ijumaa ya insulini sasa agizo linafunguka kwenye kompyuta ya nyumba husika kabla mgonjwa hajashuka garini.

Laini ya intaneti ya kawaida, mashine ya zamani ikichomekwa nyuma ya ruta, ningeichagua ya mwisho. Inakusanya udhaifu wa pande zote: haisimbwi, inakatika, na trei ipo palepale. Kama ndiyo pekee unayoweza kwa sasa, tafuta ile adapta inayosimba, ECM iwake, kasi 9,600.

Na kama daktari au hospitali unayoshirikiana nayo inapokea ujumbe uliosimbwa kupitia mfumo wa rekodi za wagonjwa, omba uingizwe huko. Uingereza ilipiga marufuku hospitali za NHS, huduma yake ya afya ya umma, kununua mashine mpya za faksi kuanzia Januari 2019. Marekani haijafika hapo, lakini kila mshirika mmoja unayemwondoa kwenye faksi ni namba moja pungufu ya kukosea.

Mashine ya zamani inakwenda wapi

Umechagua njia mpya, mashine ya zamani iko kwenye kona, na mtu ameomba kuipeleka kanisani. Ngoja.

Kama ni ile inayotumia roli ya utepe mweusi, ifungue uinue utepe kwenye mwanga. Kila ukurasa uliowahi kuchapwa uko pale, herufi kwa herufi, kama kivuli. Mimi niliukata vipande na kuupitisha kwenye mashine ya kusaga karatasi. Kama ni mashine kubwa ya kunakili, ina diski kuu ndani. Mwaka 2013 kampuni ya bima ya Affinity Health Plan ililipa dola 1,215,780 kwa kurudisha mashine za kukodi bila kufuta diski. Taarifa za watu hadi 344,579 zilihusika. Kwenye mkataba wako wa kukodi andika nani anafuta na atakupa cheti gani. Kwa mashine ndogo, rudisha mipangilio ya kiwandani, kisha chapa orodha ya namba zilizohifadhiwa uhakikishe inatoka tupu.

Kisha kuna namba yenyewe. Hospitali na famasi zitaendelea kutuma kwenye namba yako ya zamani hata ukiwaandikia mara tatu, kwa sababu imehifadhiwa kwenye kitufe cha mtu fulani aliyeko likizo. Ukiiachia, kampuni ya simu itampa mwingine. Huduma nyingi za mtandaoni zinaweza kuihamishia kwao namba hiyo. Ikishindikana, endelea kuilipia na iache ipokee. Yetu ya zamani tunailipia mpaka leo. Mwezi uliopita ziliingia faksi nne, moja ikiwa ya yule mzee.